Hofu Iliyotoka Kabla ya Saa Yake: Kisa cha Protect and Survive

Filamu zilikuwa 20, fupi, za katuni. Studio ya Richard Taylor ilizitengeneza katikati ya miaka ya 1970 kwa niaba ya serikali ya Uingereza, kisha zikafungiwa kabatini. Hazikukusudiwa kuonwa na umma wakati wa amani. Serikali ingezitoa siku ile tu ambayo ingeamini kuwa shambulio la nyuklia linaweza kutokea ndani ya saa 72. Hapo televisheni ingezirusha mfululizo, na sauti nzito isiyotetereka ya mwigizaji Patrick Allen ingemwelekeza kila mwenye nyumba la kufanya. Sambamba na filamu kulikuwa na kijitabu chenye maelekezo yaleyale. Kampeni nzima iliitwa Protect and Survive, jikinge uishi.

Haikuwahi kutumika. Ilivuja, ikachapishwa, ikachekwa, ikaogopwa, na ndani ya miaka mitatu ikawa imewafaa wapinga nyuklia kuliko karibu chochote walichojiandalia wenyewe. Hilo ndilo linalonivuta kwenye kisa hiki. Propaganda ya ulinzi wa raia kwa kawaida hupimwa kwa swali moja tu: ilisema kweli au ilidanganya? Hapa swali hilo halitufikishi mbali, kwa sababu mengi yaliyoandikwa humo yalikuwa kweli. Kilichoiponza ni saa. Maneno yaliyopimwa kwa mtu aliyejaa hofu na mwenye siku tatu mkononi yalimfikia mtu aliyekaa kwake ametulia, ana jioni nzima ya kuyasoma, kuyarudia na kuyajadili na jirani.

Chumba ndani ya chumba

Tuanze na chenyewe. Kijitabu kinamtaka mwenye nyumba achague chumba kilicho mbali iwezekanavyo na paa na kuta za nje, akiimarishe kwa matofali, mbao au masanduku ya udongo, kiwe chumba cha kujikinga na vumbi la mionzi. Ndani ya chumba hicho ajenge maficho madogo zaidi. Ang'oe milango ya nyumba, aiegemeze kwenye ukuta wa ndani, apigilie ubao sakafuni ili isiteleze, kisha aifunike kwa mifuko ya mchanga, masanduku ya vitabu, hata mabunda ya nguo. Vioo vya madirisha vipakwe rangi nyeupe ili virudishe joto la mlipuko. Maji na chakula viwe vya siku 14. Choo kitengenezwe kwa kiti kilichotobolewa na ndoo chini yake. Redio iwepo, na betri za akiba.

Siku 14 hizo hazikuokotwa hewani. Kuna kanuni ya kukadiria ambayo wataalamu wa mionzi huitumia: muda ukizidishwa mara saba tangu mlipuko, nguvu ya mionzi ya vumbi hushuka hadi sehemu moja ya kumi. Saa 7 baadaye imebaki sehemu moja ya kumi ya ile ya saa ya kwanza. Saa 49, yaani kama siku mbili, imebaki sehemu moja ya mia. Saa 343, ambazo ni siku 14 na ushee, sehemu moja ya elfu. Na udongo huzuia mionzi, hilo nalo halina ubishi. Kwa familia ya shambani, mbali na shabaha yoyote ya kijeshi, iliyoangukiwa na vumbi lililobebwa na upepo, ile milango na mifuko ya mchanga ingeweza kweli kuwa tofauti kati ya kufa na kupona. Wanaosema kijitabu kilikuwa upuuzi mtupu hawajakitendea haki.

Tatizo ni kwamba mkazi wa katikati ya Manchester naye alikuwa anaambiwa hayohayo, kwa sauti ileile. Kijitabu hakikuficha kwamba kila kitu kilicho ndani ya umbali fulani kutoka kwenye mlipuko kitateketea kabisa, wala hakikudai kwamba kuna pembe ya nchi iliyo salama. Sentensi hizo zimo, mwanzoni kabisa. Kisha zinaachwa, na kurasa zinazofuata zinaendelea na mbao, misumari na makopo ya chakula kana kwamba msomaji tayari amekwisha kukubaliana kuwa yeye hayumo ndani ya umbali huo. Hapo ndipo propaganda ilipokaa, katika mgawanyo wa kurasa. Maangamizi yalipewa mistari michache, na kazi za mikono zikapewa kijitabu kizima.

Na kazi ndiyo iliyokuwa dawa. Mfa maji haachi kutapatapa, na waliotunga mpango huu walijua kwamba mtu anayetapatapa kwa utaratibu ni rahisi kumtawala kuliko anayetapatapa ovyo. Mtu anayepima milango na kujaza ndoo hana muda wa kuuliza maswali, wala hayumo barabarani.

Barabara. Hapa inabidi kukaa kidogo, kwa sababu kwa maoni yangu ndicho kifungu cha kisiasa kuliko vyote. Kijitabu kinawaagiza watu wabaki majumbani mwao. Anayehama, isipokuwa ana nyumba yake nyingine au anakwenda kwa jamaa, anaonywa kwamba mamlaka ya huko aendako hayatamsaidia kwa makazi, chakula wala mahitaji mengine. Nyumba aliyoiacha tupu nayo inaweza kuchukuliwa ikapewa wengine. Ushauri wa kiafya umeshageuka tishio la kiutawala. Mantiki ya wapangaji inaeleweka: miji mikubwa ikimwagika barabarani kwa pamoja, majeshi na huduma za dharura hazipiti. Lakini maana yake kwa raia ni kwamba kila mtu angefia au angeponea pale alipoandikishwa. Wakati huohuo dola lenyewe lilikuwa limejichimbia. Huko Kelvedon Hatch, katika kaunti ya Essex, kulikuwa na handaki la zege la ghorofa tatu lililofichwa chini ya kilima, mlango wake ukianzia kwenye nyumba ya kawaida ya shambani. Lilijengwa mapema miaka ya 1950, na baadaye likatengwa kuwa makao ya serikali ya mkoa endapo vita vingezuka. Huko hakuna aliyeambiwa ang'oe milango.

Kuna pia filamu inayohusu maiti. Mtu akifia ndani ya maficho, mwili uhamishiwe chumba kingine, ufungwe na kufunikwa vizuri, uwekewe kitambulisho. Ukipita siku tano na ikawa salama kutoka nje, uzikwe kwa muda kwenye mtaro na mahali pawekwe alama. Sauti ya Patrick Allen haipandi wala haishuki. Filamu inaisha kama zote zinavyoisha, kwa nembo ya familia iliyo ndani ya duara na kibwagizo cha ala za kielektroniki kilichotungwa na Roger Limb wa kitengo cha sauti cha BBC. Mtu anayeitazama king'ora kikiwa kimekwisha kulia huenda angeishukuru, maana angalau inampa la kufanya na mzigo ambao hakuna aliyemfundisha kuubeba. Itazame leo, au ungeitazama mwaka 1980, uone inavyosomeka: serikali imekaa, imepanga, imefika hadi kwenye kadi ya jina la mtoto wako.

Jinsi kabati lilivyofunguka

Kugawa hofu kwa kipimo haikuwa tabia mpya Uingereza. Mwaka 1955 kamati iliyoongozwa na William Strath iliiambia serikali kwa siri kwamba mabomu 10 ya haidrojeni yangeua takriban watu milioni 12. Ripoti hiyo ilikaa chini ya mhuri wa siri hadi mwaka 2002. Mwaka 1965 BBC ilikataa kuirusha filamu ya Peter Watkins iliyoigiza shambulio la nyuklia dhidi ya Uingereza, na ikachukua miaka 20 kabla watazamaji wa televisheni hawajaiona. Mwaka 1968 serikali ya Harold Wilson ikavunja kikosi cha kujitolea cha ulinzi wa raia ili kubana matumizi. Kwa muongo mzima uliofuata mada ililala, na ilikuwa katika usingizi huo ndipo Protect and Survive ilipoandaliwa, bila kelele. Nakala za kijitabu zilikuwepo tangu 1976, mikononi mwa maofisa wachache.

Kilichoiamsha mada ni mwezi mmoja. Tarehe 12 Desemba 1979 nchi za NATO ziliamua kuweka makombora mapya ya nyuklia ya Kimarekani Ulaya Magharibi. Mgawo wa Uingereza ulikuwa makombora 160 ya kruzi, yaani yanayoruka chinichini kama ndege isiyo na rubani, ambayo baadaye ilitangazwa kuwa yangewekwa Greenham Common na Molesworth. Kabla mwezi haujaisha, majeshi ya Kisovieti yakaingia Afghanistan. Januari 1980 gazeti la The Times lilichapisha makala kuhusu hali ya ulinzi wa raia nchini, na habari za kuwapo kwa kijitabu cha siri zikasambaa. Machi, kipindi cha Panorama cha BBC kikaonyesha vipande vya filamu zenyewe. Wananchi wakaanza kuuliza: kama mnacho kijitabu cha kutuokoa, mnatuficha cha nini?

Swali hilo halina jibu zuri. Jibu la kweli lilikuwa kwamba kijitabu kikisomwa mapema hakifanyi kazi, lakini hakuna waziri anayeweza kulitamka hilo bungeni. Serikali ya Margaret Thatcher, iliyokuwa na mwaka mmoja tu madarakani, ikachagua njia iliyoonekana nyepesi. Mei 1980 kijitabu kikachapishwa rasmi na kuuzwa kwa penni 50.

Kukiuza badala ya kukigawa, nadhani, kulikuwa kosa lililoongeza makosa mengine. Kingegawiwa kila nyumba, angalau kingekuwa sera: serikali inasema jambo hili ni zito na linamhusu kila mtu. Kilipowekwa kwenye rafu kwa bei, kikawa bidhaa ya udadisi. Wakakinunua wenye muda, wenye mashaka na wenye hoja, hasa walimu, madaktari, wachungaji wa makanisa na wanafunzi wa fizikia. Hao ndio wasomaji wabaya kuliko wote kwa maandishi yaliyotungwa kwa ajili ya mtu asiyepaswa kufikiri mara mbili.

Usomaji huo ulifanya jambo moja ambalo saa 72 zisingeruhusu: ulihesabu hadi siku ya 15. Milango imerudi kwenye bawaba, redio imetoa ishara ya hali shwari, familia imetoka. Chakula kinatoka wapi? Hospitali ipi imesimama? Nani anazika wale wa mtaroni kwa utaratibu? Kijitabu hakina ukurasa wa mambo hayo. Mwaka 1983 chama cha madaktari wa Uingereza, BMA, kilichapisha ripoti yake kuhusu athari za kiafya za vita vya nyuklia, kikahitimisha kwamba huduma ya afya ya taifa isingeweza kumudu majeruhi wa hata bomu moja la megatoni moja, yaani lenye nguvu ya tani milioni moja za baruti. Hapo pengo la siku ya 15 lilipata muhuri wa watu ambao hakuna aliyeweza kuwaita wachochezi.

Ulinzi wa raia kama ujumbe kwa adui

Lakini mjadala mkali zaidi haukuwa wa kitabibu. Mwishoni mwa Januari 1980 Michael Howard, profesa wa historia ya vita Oxford, aliiandikia The Times barua yenye ukweli ambao wanasiasa walikuwa wakiukwepa. Hoja yake ilikuwa hivi: ukiweka makombora nchini mwako, umejifanya shabaha, na kama raia wako hawana kinga yoyote, adui atajua kwamba huwezi kuthubutu kuyatumia, kwa kuwa nchi itasambaratika kisiasa mara tu ikipigwa, hata kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo ulinzi wa raia ni sehemu ya kumzuia adui. Ni kiungo cha silaha yenyewe.

Mwanahistoria mwenzake, E. P. Thompson, alijibu kwa kijitabu chake mwenyewe, Protest and Survive, akianzia kwenye barua hiyohiyo ya Howard. Alichokishika ni hicho hicho alichokisema Howard, akakigeuza upande wa pili. Kama mifuko ya mchanga sebuleni ni sehemu ya silaha, basi mwenye nyumba anayeijaza anaandikishwa jeshini bila kuulizwa. Kujiandaa kuponea vita ni kusaidia kuifanya ionekane inapiganika.

Naona wote wawili walikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoiweka serikali pabaya. Hadharani ilikuwa ikisema kijitabu ni huruma tu, kama vile kufundisha watu kuogelea hakumaanishi unataka wazame. Mtu mwenye akili zaidi katika kambi yake mwenyewe alikuwa ameshaandika gazetini kwamba si huruma tu. Tangu hapo kila mfuko wa mchanga ulisomwa kwa maana mbili.

Tusiwaonee serikali peke yao, hata hivyo. Kampeni ya Kuondoa Silaha za Nyuklia, CND, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na wanachama elfu chache tu, ilijaa tena makumi kwa makumi ya maelfu. Oktoba 1980 ilifurisha Trafalgar Square jijini London. Nayo ilikula kwenye hofu ileile. Mabango yake, maonyesho yake, ramani zenye duara za moto zilizochorwa juu ya mtaa wa msomaji, vyote vilikusudiwa kumnyima mtu usingizi. Aliyekulia Uingereza miaka hiyo anaweza kukwambia kwamba ndoto mbaya alizipata kutoka pande zote mbili. Tofauti ilikuwa katika agizo lililofungwa pamoja na hofu. Serikali ilisema: ogopa, ukae ndani. Wapinzani walisema: ogopa, utoke nje. Kwa mtu ambaye hakuna king'ora kinachomlilia, agizo la pili lina heshima zaidi, maana linamchukulia kuwa anaweza kubadili jambo. Agizo la kwanza lingeweza kushindana nalo saa tatu usiku wa mwisho. Mwaka 1980, mchana kweupe, halikuwa na nafasi.

Utamaduni ukamalizia kazi. Vipande vya filamu zilezile vilitumiwa ndani ya tamthilia ya BBC ya mwaka 1984 iliyoiteketeza Sheffield mbele ya kamera. Mwaka huohuo Patrick Allen aliingia studio akarudia maonyo ya aina ileile juu ya wimbo wa dansi uliokaa namba moja nchini humo kwa wiki tisa. Vijana walicheza muziki wakisikia jinsi ya kushughulikia maiti. Ukishafika hapo, huwezi tena kuirusha kampeni hiyo kwa dhati. Hata vita vingekuja kweli, robo ya watazamaji wangecheka kabla ya kulia.

Halmashauri zinagoma

Hadithi nyingi za kisa hiki huishia kwenye dhihaka. Mimi naona pigo halisi lilikuwa la kiutawala, na halikuchekesha. Mpango mzima wa ulinzi wa raia Uingereza uliegemea serikali za mitaa: wao ndio wangefungua vituo vya chakula, wao ndio wenye majengo, malori na orodha za watu. Wizara ya Mambo ya Ndani ilitoa waraka, halmashauri zikatekeleza. Tarehe 5 Novemba 1980 baraza la jiji la Manchester lilijitangaza kuwa eneo lisilo na nyuklia, na nyingine zikafuata. Februari 1982 kaunti zote za Wales zilikuwa zimekwisha kufanya hivyo.

Mawaziri walilichukulia tangazo la namna hiyo kama mchezo wa kuigiza, kwa kuwa kombora halisomi mabango ya barabarani. Hawakuona upande wa pili wake. Mwezi Septemba 1980 zoezi la ulinzi wa raia lililoitwa Square Leg lilikuwa limefanyika kwa dhana ya mabomu 131 yenye jumla ya megatoni 205, na takwimu zake zikavuja. Lile lililofuata, Hard Rock, lilipangwa kwa msimu wa vuli wa 1982 na lingekuwa kubwa zaidi. Takriban halmashauri 20 za kaunti zikakataa kushiriki. Zoezi la ulinzi wa raia lisilo na serikali za mitaa ni maigizo ya maofisa wachache ndani ya handaki wakipigiana simu. Julai 1982 Hard Rock ikaahirishwa, na haikufanyika tena.

Serikali ilijibu kwa sheria. Kanuni za mwaka 1983 ziliwalazimu madiwani kuandaa mipango ya vita, kuiweka ikiendana na wakati na kushiriki mazoezi, watake wasitake. Kisheria lilikuwa jibu kamili. Kisiasa lilikuwa na tundu kubwa katikati, kwa sababu mtu aliyelazimishwa kupanga lazima kwanza aulize anapangia nini: mabomu mangapi, wapi, majeruhi wangapi, vitanda vingapi. Na hakuna kanuni iliyosema majibu yake yawe siri.

Halmashauri Kuu ya London, GLC, chini ya Ken Livingstone, ndiyo iliyolitumia tundu hilo kwa ukamilifu. Iliwaajiri wanasayansi, wahandisi na madaktari kuchunguza nini hasa kingeipata London chini ya mashambulio ya viwango mbalimbali, kuanzia yasiyogusa mji kwa nyuklia hadi yale mazito, mtaa kwa mtaa, pamoja na maji, umeme, chakula na magonjwa ya wiki zinazofuata. Kazi hiyo iliitwa GLAWARS. Ilikuwa ndiyo mpango ambao wizara ilidai siku zote kwamba miji iwe nao, umefanywa kwa kina kuliko wizara yenyewe ilivyowahi kufanya mbele ya umma, na matokeo yake yalikuwa kwamba kwa shambulio kubwa hakuna mpango wa kupanga. Ilichapishwa mwaka 1986, kitabu cha kununuliwa na yeyote. Mwaka huohuo, tarehe 31 Machi, GLC ilivunjwa na Bunge kwa ugomvi mwingine kabisa na Thatcher, lakini ripoti ilikuwa imeshatoka, na hakuna aliyeweza kuirudisha kabatini.